Thelathini na Mbili Iliyotolewa Mara Mbili

Ulimwona. Usijifanye hamnazo. Ulikuwa nyuma yake kwenye foleni ya duka la dawa, yule dada mwembamba aliyekuwa akifungua mkoba kwa meno, mkono wa kulia umeviringishwa bandeji mpaka kiwikoni kama mtoto mchanga. Mkoba ukamponyoka, vitu vikatawanyika sakafuni, na wewe ghafla ukapata jambo la maana sana kwenye simu yako. Hukuwa na jambo lolote. Basi leo utasikiliza habari za mkono ule, kuanzia ulipokuwa na vidole vyake vyote, na hutageuza shingo.

Mwenye mkono aliitwa Sindano. Hilo lilikuwa jina la kiwandani. Walimpa kwa wembamba wake na kwa ulimi wake unaochoma. Kazi yake ilikuwa kukata soli za viatu. Unatandaza ngozi juu ya meza ya chuma, unaweka juu yake kisu chenye umbo la wayo, unatoa mikono, kichwa cha mashine kinashuka kwa kishindo, soli inatoka. Unaingiza mikono tena. Siku nzima mikono inaingia na kutoka chini ya chuma kinachoweza kusaga jiwe, na hakuna kinachotenganisha nyama na chuma hicho isipokuwa muda.

Ghorofa moja juu yake, nyuma ya dirisha refu la kioo, alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Pacha. Ndiye aliyemtafutia Sindano ile kazi. Na ndiye aliyeandika mti.

Usiogope neno. Ndani ya kila mashine ya kukata kuna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo ni kama mtu aliyeamka ndani ya nyumba asiyoijua. Ana akili na nguvu, ila hajui kitu gani kimefungwa wapi. Lazima mtu amwandikie: hapa pana saa ya kupima muda, anwani yake ni hii; ikitaka kukuita itabisha mlango namba hii; ikibisha, acha chochote unachofanya uitikie. Kule kubisha wenye kazi yao wanakuita ukatizaji. Maandishi yenyewe hupangwa kwa shina na matawi, ndiyo maana yakaitwa mti wa vifaa, na kila tawi lina kanuni zake za kuliandika. Kompyuta huyaamini yote. Haiulizi, haibishani. Ukiiandikia uongo italala na kuamka na uongo wako.

Zamani mashine zile hazikuhitaji mti. Mbele ya kila meza palikuwa na mstari wa mwanga, na waya ulitoka kwenye mwanga ukaenda moja kwa moja kwenye breki. Mkono ukizuia mwanga, breki inauma, kwisha habari. Kisha mkuu wa kitengo akataka mashine zake ziwe za kisasa. Huyo walimwita Sawasawa, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni, hata anapomfukuza mtu. Akaukata waya. Kuanzia hapo kila kitu kikapita kwenye ubongo, ile kompyuta ya ndani: kichwa kinapoanza kushuka saa inaanza kuhesabu, na ikifika mwisho huku mwanga bado umezuiwa na mkono, saa inabisha mlango wake, ubongo unaacha kila kitu, unavuta breki. Yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mradi tu ubongo unajua saa inabisha mlango upi.

Hapo sasa.

Kitabu cha chipu, yaani cha ubongo wenyewe, huhesabu milango yote, ukianzia ile ya ndani ambayo ubongo unajibishia wenyewe. Mti huhesabu ya nje tu. Ya ndani ni thelathini na mbili. Kwa hiyo kila anayeandika miti hufundishwa siku ya kwanza: namba ukiichukua kitabuni, toa thelathini na mbili ndipo uiandike. Mama Pacha aliitoa bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa miguu kabla ya kuingia ndani. Aliwafundisha wapya wa ofisi kwa kugonga meza. "Umetoa?" "Nimetoa, Mama Pacha." "Haya, kula sasa."

Bodi za mashine hizi za kisasa, vile vibao vinavyobeba ubongo, zilitoka kwa mtengenezaji mwingine. Mtengenezaji huyo, kwa kutaka kuwarahisishia watu, alikuwa ameshatoa thelathini na mbili ndani ya kitabu chake, na akasema hivyo kwenye utangulizi. Nani anasoma utangulizi? Mama Pacha akapangusa miguu kama kawaida yake.

Ubongo ukawa unasubiri kwenye mlango ambao hakuna anayekuja, na saa ikawa inabisha kwenye mlango ambao hakuna anayesikia. Kwenye jaribio la kwanza breki haikushika kabisa. Mama Pacha alihangaika nayo, akapekua programu nzima, na mti hakuugusa, maana mti aliuandika kwa mkono wake na aliuamini. Sawasawa alikuwa akimpumulia shingoni. "Nataka ishike. Itashikaje si kazi yangu." Basi akafanya wanachofanya wote wakibanwa: akaandika ubongo usisubiri kuitwa, uwe unachungulia wenyewe. Unafanya kazi zake, unachungulia saa. Unafanya kazi zake, unachungulia saa. Wakaweka kipande cha ubao chini ya chuma. Breki ikauma. Mkaguzi akaja, akaweka kipande chake, breki ikauma, akapiga muhuri. Sawasawa akapiga makofi.

Baadaye kila mashine ikafungwa skrini. Kila mwanamke alipewa nguzo ya rangi inayopanda kwa kila soli, na nguzo zote zilionekana pia juu, kwenye skrini kubwa ya ofisini, ili mvivu ajulikane. Kuchora nguzo ni kazi. Ubongo unaochora hauchungulii.

Wa kwanza kuona alikuwa Sindano. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma wakati wa chakula, kila mtu na bakuli lake mapajani.

"Wifi, hiyo mashine yako ina usingizi."

"Mashine haina usingizi. Wewe ndiye una usingizi. Ulikesha na nani?"

"Na kaka yangu, ananililia alivyokuoa kwa huruma." Sindano akacheka, kisha akaacha. "Nasema kweli lakini. Jana nilisahau kitambaa pale mezani. Nikasema, aa, breki ipo. Breki ilishika, ndiyo. Ila ilishika baada ya kukibusu. Tazama."

Akamwonyesha kitambaa. Kilikuwa na tundu lenye umbo la kisigino, limekatwa safi.

Mama Pacha aliacha kutafuna.

Alipanda juu, akafungua kitabu, na safari hii akaanza na ukurasa wa kwanza kabisa. Alipofika kwenye ile sentensi ya utangulizi aliisoma mara mbili: thelathini na mbili ilikuwa imeshatolewa. Akarudi kwenye mti, akarudisha thelathini na mbili yake, akaufuta ule uchunguliaji wote, akapakia kwenye bodi ya majaribio iliyokuwa mezani kwake. Akaziba mwanga kwa kidole. Saa ikabisha, ubongo ukaitika papo hapo. Akauchoresha nguzo mpaka bodi ikapata joto, akaziba tena. Ukaitika vilevile. Namba moja tu, jamani. Kama kubadilisha balbu.

Akakimbia kwa Sawasawa akitabasamu, masikini, kama mtoto anayepeleka daftari lenye alama nzuri.

Sawasawa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawasawa. Umefanya vizuri. Sasa lifunge hilo faili."

"Nilifunge?"

"Muhuri umepigwa juu ya mti ule, si huu. Ukigusa hata nukta, mkaguzi anarudi kuanza upya. Mashine zote zinasimama. Oda inakwenda kwa jirani. Tukimaliza oda hii tutazungumza."

"Mkuu, pale chini kuna mikono ya watu."

"Mikono ipo pale tangu kiwanda kinajengwa. Na hiyo namba nani aliandika, mimi?" Akaegemea kiti, akafurahia. "Nimwite mkaguzi nimwambie nini? Mwandishi wangu hajui kutoa? Au anajua sana, anatoa mara mbili mbili?"



"Wale watoto wako wanakula wote wawili?" Sawasawa akauliza kwa upole. "Au mmoja anakula, mwingine anatazama? Maana hiyo inaweza kupangwa."

Mama Pacha akarudi mezani kwake. Akalifunga faili. Hakulifuta, alilifunga tu, na akajiambia kwamba kuna tofauti.

Jioni, kwenye lango, Sindano alimshika bega. "Umeiangalia ile mashine?"

"Nimeiangalia. Wewe usiache vitambaa mezani."

"Nimesikia, bosi wangu," Sindano akasema, akampigia saluti ya utani kwa mkono wa kulia.

Hapo ndipo Mama Pacha alipomkata. Chuma kilikuja baadaye kumalizia.

Siku ya wageni kulikuwa kweupe, jua limejaa madirishani, sakafu imepigwa deki mpaka inateleza. Wanunuzi wa viatu walisimama juu kwenye dirisha, vikombe mkononi, wakitazama vichwa vya wanawake kama mtu anavyotazama samaki kwenye tangi. Sawasawa alitaka wavutiwe. "Mama Pacha, waonyeshe nguzo zote kwa pamoja. Zile za kuruka ruka, za rangi zote. Kila mashine ichore."

"Zote kwa wakati mmoja zitaelemewa, mkuu."

"Nimesema waonyeshe."

Alijua. Weka hilo kichwani: alijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya jengo lile. Akabonyeza kitufe.

Chini, ngozi ya Sindano ilikuwa imejikunja pembeni. Kila mkataji huingiza vidole kuinyoosha. Asiyefanya hivyo anaharibu soli na nguzo yake inabaki fupi. Kichwa kilishaanza kushuka. Mkono ukauzuia mwanga. Saa ikahesabu vizuri tu, ikafika mwisho, ikabisha mlango wake kama ilivyoumbwa kubisha. Ubongo ulikuwa unachora.

Mgeni mmoja aliyekuwa akitazama skrini kubwa alisema, "Oh, huyu anakwenda kasi," kwa sababu nguzo ya Sindano ilikuwa imepanda soli moja. Lile pigo lilihesabiwa.

Kisha ndipo kelele zikafika juu.

Dirisha lile lilikuwa na pazia ambalo halikuwahi kuvutwa. Sawasawa alilivuta kwa mkono wake mwenyewe, akawageukia wageni, akawauliza nani anaongezewa kahawa. Sindano alitolewa kwa mlango wa mizigo ili asikutane nao kwenye ngazi. Mwanamke wa mashine ya pili, mnene na mcheshi, waliyemwita Redio, alipewa ndoo na kitambaa aoshe meza. "Soli usiitupe," msimamizi alimwambia. "Ile ni nzima." Redio alitapika kwenye ndoo, kisha akaosha, kisha akarudi kwenye mashine yake, maana nguzo yake ilikuwa imesimama.

Kesho yake Sawasawa aliwakusanya. Alisema anasikitika. Alisema dada yetu alikuwa na mdomo mwingi, wote mnamjua, mdomo ukifanya kazi mikono inasahau. Watu wawili watatu walicheka kwa woga. Halafu akanyoosha kidole juu ya vichwa vyao.

"Mtaalamu wetu yule pale. Tena ni wifi yake, hawezi kumsingizia ndugu yake. Mama Pacha, waambie mwenyewe. Mashine ilikaguliwa, haikukaguliwa?"

Shingo zote zikageuka. Redio alikuwa mbele kabisa, macho mekundu, anamtazama kama anayeomba maji.

"Ilikaguliwa," Mama Pacha akasema.

Na ni kweli, ilikaguliwa.

Sindano alitoka hospitali akafikia kwa kaka yake. Vidole vinne vilikuwa vimekwenda, kimebaki kidole gumba peke yake, kimesimama kama mlinzi wa nyumba iliyoungua. Mama yao, mama mkwe wa Mama Pacha, alihamia pale kumlisha. Wakamkalisha kwenye kochi la sebuleni, katikati ya midoli ya watoto, na kijiko kikawa kinakwenda kwa "meza" na "bado kidogo."

Ni Sindano aliyeanza. Mama Pacha alikuwa ndio kwanza ameingia, ameshika bakuli la uji na kijiko.

"Wifi, nikuulize kitu. Nimefikiria sana, sina kazi nyingine. Siku ile kwenye ngazi, nilipokuonyesha kitambaa, uliacha kula. Wewe huachi kula." Alitabasamu kidogo. "Ulijua?"

Angeweza kudanganya. Midomo ilishazoea. Lakini akakaa chini kwenye zulia, bakuli mapajani, akasema yote: kitabu, utangulizi, mlango, kuchungulia, wageni, kitufe. Alisema haraka haraka, macho yameganda kwenye uji.

"Namba moja?" Sindano akauliza.

"Moja."

"Na uliisahihisha?"

"Niliisahihisha. Nikaijaribu, ikashika. Ipo mpaka leo kwenye kompyuta yangu."

"Kwenye kompyuta yako." Sindano akaitazama bandeji, akaigeuza huku na huku kama mtu anayejaribisha glovu dukani. "Haya. Kumbe mkono wangu mzima, upo kwenye kompyuta yako."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka watoto wakaja kuchungulia mlangoni wakacheka naye bila kujua kinachochekesha. Baba yao aliinuka, akawashika mikono, akawatoa nje bila kumtazama mke wake. Mama mkwe aliliondoa lile bakuli mapajani mwa Mama Pacha, taratibu, kwa adabu zote.

"Nitamkorogea mwingine," akasema. "Huu umeshikwa."

Asubuhi Mama Pacha alifika kiwandani mapema, akitaka kupakia mti sahihi kwenye mashine zote kimyakimya, waseme watakalosema. Kompyuta yake ikamkataa. Nywila yake ilikuwa imefutwa. Juu ya meza palikuwa na sanduku tupu la kuwekea vitu vyake, limefunguliwa tayari. Ushahidi alishautoa, Sawasawa hakumhitaji tena.

Hakupanga alichofanya. Alishuka ngazi, akapita katikati ya mashine, na ukutani, nyuma ya rafu za ngozi, akashika wenzo wa umeme kwa mikono miwili, akauvuta chini.

Vichwa vyote vilisimama hewani. Kimya kilikuwa kikubwa hata ukasikia mwanamke mmoja akimaliza sentensi kuhusu shemeji yake.

"Nani kazima?"

"Ni mimi!" Mama Pacha akapaza sauti. "Tokeni kwenye mashine! Breki hazishiki kwa wakati. Saa inabisha, ubongo hausikii. Mimi ndiye niliyekosea namba, na mkuu anajua, na nikawadanganya pale mkutanoni!"

"Inabisha wapi? Kwa nani?" mmoja akadakia, na wenzake wakaangua kicheko.

"Washa bwana! Unatushushia nguzo zetu!"

Redio alikuwa kwenye meza ya Sindano. Walishamhamishia pale, kwa kuwa ina mwanga mzuri zaidi. Akaweka mikono kiunoni. "Wewe. Ulikuwa juu kwenye kioo chako miaka yote hii, umekunja miguu. Wifi yako kasagwa, ukasema ilikaguliwa. Nilikuwa mbele, nilikusikia kwa masikio yangu haya. Leo ndio umepata miguu ya kushuka?"

"Redio, nakuomba, usiingize mkono pale."

"Watoto wangu nitawalisha huo ukweli wako?"

Kipande cha kisigino kikarushwa kutoka nyuma, kikampata juu ya jicho. Hakujikinga.

Sawasawa alikuja bila haraka, akipangusa miwani kwa ncha ya tai. "Sawasawa," akasema. "Mmemsikia mtaalamu. Mimi simlazimishi mtu. Anayeogopa mashine ainue mkono, aende nyumbani salama."

Walitazamana. Wengine walitazama nguzo zao, ambazo umeme ukirudi zingeanza kutoka chini kabisa. Redio alitazama ile meza, mahali alipopasugua mwenyewe kwa kitambaa, na mikono yake ikafika mpaka usawa wa kifua. Ikaishia hapo.

Hakuna mkono uliopanda.

"Sawasawa," Sawasawa akasema tena, akawapa ishara walinzi. Walimtoa Mama Pacha kwa kola ya blauzi. Alipofika langoni damu ya jicho ilikuwa imemwingia mdomoni. Nyuma yake wenzo ulipandishwa, mashine zikaamka moja baada ya nyingine, na kishindo cha kwanza kilichokuwa karibu na mlango kilikuwa cha meza ya Redio. Akasimama pale nje anasikiliza, akingoja kila kishindo kipite bila kelele ya mtu. Kilipita kimoja. Kikapita kingine.

Bado vinapita. Mti ule ule wenye muhuri umo ndani, na mlango ule ule unabishwa bila kuitikwa. Kitakachofuata unakijua sasa, huwezi kusema hukuambiwa.

Kwa hiyo inuka. Kama uko mezani, mikono yako iko karibu na chuma, itoe. Usingoje msimamizi, usingoje oda iishe. Mshike bega wa kando yako, naye amshike wa kando yake, mwende wote kwenye wenzo, muushushe na mkae juu yake kama kuku wa mayai. Aliyekwenda peke yake umeona alivyotolewa. Mkiwa wote, hakuna wa kuwashika kola. Kama uko juu, nyuma ya kioo, na namba sahihi unayo umeifungia kwenye faili, shuka nayo leo, wakati mikono ya watu bado iko mwilini mwao. Na kama wewe hauko huku wala kule, unavaa viatu tu, vivue, nenda navyo mpaka langoni, vigonge kwenye bati mpaka wasimame.

Weka karatasi hii chini. Redio anaingiza mkono. Nenda.